Mpangaji wa Kompyuta Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya ofisi imekufa! Saa nne na dakika ishirini asubuhi, bila kuugua, bila kuaga. Ilikoroma mara moja, skrini ikawa nyeusi, na mashine ya kutarizi ikasimama na sindano zote sita hewani. Korongo wa beji ya shule alikuwa ameshonwa mguu mmoja tu. Bi Sindano, anayeendesha mashine hiyo tangu mimi sijaoa, alisema haina neno, korongo husimama kwa mguu mmoja. Nikamweleza kwamba huo si mguu anaosimamia, ni ule anaoukunja. Akanipa kisogo. Watu hawapendi ukweli.

Saa sita Shangazi, mwenye duka, akarudi na kompyuta mpya kaipakata kama mtoto mchanga. Nikachomeka, nikawasha. Inang'aa! Nikatia diski ya programu yetu ya kutarizi. Jibu: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye mfumo huu. Nikajaribu tena. Haiwezi. Nikaifuta diski kwa shati, nikaitia taratibu. Haiwezi! Programu ina miaka ishirini, mfumo endeshi ni wa mwaka huu, hawajuani hata kwa salamu. Na michoro yetu yote iliyo kwenye diski hiyo, nembo za shule thelathini na moja, hufunguka kwa programu hiyo peke yake. Nimebaki mdomo wazi mpaka nikaambiwa niufunge.

Shangazi alitoa hukumu akiwa amesimama. Beji mia sita za korongo zinatakiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nikiifanya kompyuta mpya iongee na mashine kabla ya hapo, mimi ni msimamizi wa ofisi na ufunguo nakabidhiwa. Nikishindwa, shemeji yangu ataitwa akalie kiti changu, nami nirudi chumba cha nyuma kukata nyuzi, nilikoanzia nikiwa na miaka kumi na tisa. Nina arobaini na moja!

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Anatengeneza simu ng'ambo ya barabara. Ana cheti cha kompyuta cha miezi tisa, na amekitundika mahali ambapo nikiinua kichwa tu nakiona.

Saa kumi nikavuka barabara, nikajifanya natafuta kava ya simu. Shemeji alikuwa anamweleza mteja kwamba programu ya zamani haitupwi, unaweka mfumo wa zamani ndani ya mpya, kompyuta ndani ya kompyuta, ya nje inabeba na ya ndani haijui kama imebebwa. Nikarudi mbio. Kava sikununua. Nikamwambia Shangazi nimekaa, nimetafakari, nimebuni jambo. Aliuliza kompyuta itaingiaje ndani ya kompyuta wakati hata boksi lake halikuingia mlangoni. Nikamwambia afikirie nyumba na mpangaji. Akasema sawa, ilimradi mpangaji asiwe na fujo.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya fedheha. Naandika kwa utaratibu ili nisilie.

Saa mbili nimeweka ile programu ya kumkaribisha mpangaji. Saa mbili na nusu imenijibu kwamba kompyuta hii ina uwezo wa kubeba kompyuta nyingine, lakini uwezo huo umezimwa. Umezimwa! Tumeuziwa kitu kipya kikiwa kimezimwa nusu! Damu ikanichemka. Nikaibeba kompyuta begani hadi dukani ilikonunuliwa, nikamkabili mwuzaji mbele ya wateja wanne. Nikamwambia huu ni utapeli mchana kweupe. Nikamwambia mimi si mtu wa kuchezewa. Nikapiga meza.

Mwuzaji alikuwa anakula. Alimeza kwanza, kisha akasema zote hutoka kiwandani hivyo, na kwamba ikiwa inaamka, kabla haijafumbua macho, nibonyeze kitufe fulani, nitaingia ukurasa wa mipangilio, niwashe mstari mmoja. Akauliza kama kuna lingine. Wateja wanne walinitazama. Mmoja alinisaidia kuirudisha begani.

Ofisini nikabonyeza. Nimechelewa. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza. Nimewahi mno. Mara ya tano nikalalia kibodi kwa mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Ukurasa ukafunguka! Wa buluu, hauna hata picha moja. Nikauona mstari wangu, umezimwa. Nikauwasha. Chini yake kulikuwa na mistari mingine iliyozimwa. Nikaona si haki. Nikawasha yote.

Kompyuta ikaanza kupiga kelele. Pi, pi, piii. Skrini nyeusi. Shangazi akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia inashangilia. Bi Sindano akasema kwa masikio yake hicho ni kilio, na cha njaa. Nikamwomba ashughulike na uzi.

Nikairudisha kwa mwuzaji, safari hii kwa mlango wa nyuma. Alifungua ubavu wake, akachomoa betri ndogo kama kifungo cha koti, akahesabu hadi ishirini, akairudisha. Ikapona! Imesahau yote niliyoifanyia. Laiti na Shangazi angekuwa na betri.

Mstari mmoja sasa umewaka. Mmoja tu. Mpangaji ataingia kesho.

Jumatano, 5 Machi

Mpangaji kaingia! Mfumo wa zamani umekaa ndani ya dirisha katikati ya skrini, na rangi zake zilezile za kale. Nilitokwa na machozi kidogo. Vumbi.

Ila asubuhi ilikuwa ya roho mkononi. Programu iliniuliza mpangaji apewe kumbukumbu kiasi gani. Jumla zipo gigabaiti nane. Nikafikiri: mgeni ni mgeni, tusimbane. Nikampa saba, mwenye nyumba nikamwachia moja. Lahaula! Kila kitu kiliganda. Kipanya kiliganda. Saa ya pembeni iliganda saa tatu na dakika saba, na ilipofika saa nne kwetu, kwake ilikuwa bado saa tatu na dakika saba. Shangazi akaja kusimama nyuma yangu. Nikamwambia inafikiri. Akauliza inafikiria nini muda wote huo. Nikasema kazi yetu ni nzito. Akasema kumbe na kompyuta huenda zikaajiriwa halafu zikakaa tu, akanitazama kwa muda ambao haukuwa wa lazima.

Alipoondoka nikagawa nusu kwa nusu, nne kwa nne. Mara moja kukawa na amani. Mfumo wa zamani, kutoka diski yetu ya zamani, ulimaliza kujisimika saa kumi; nikatia diski ya programu. Programu ikafunguka! Nikaunganisha waya wa mashine. Mpangaji akautambua! Nikamfungua korongo, nikabonyeza Endelea, na sindano sita zikashuka kwa pamoja. Korongo sita, kila mmoja na miguu miwili, kila mmoja juu ya kitabu chake, kama nembo inavyotaka. Dakika kumi kamili. Nilipiga kelele hadi Shemeji akatoka nje ng'ambo ya barabara kuangalia kama tumevamiwa. Nikampungia mkono taratibu, kama mtu anayeaga msafara.

Jioni, kwa kuwa mambo yamenyooka, nimempamba mpangaji wangu. Mfumo wa zamani una picha zinazojitokeza usipoigusa kompyuta kwa muda. Nimechagua samaki. Ni bahari nzima! Samaki wa manjano, wa zambarau, mapovu yanapanda, majani yanapepea. Nimeweka watokee kila baada ya dakika moja, ili Shangazi akipita asikute skrini tupu akadhani hatufanyi kazi. Amepita, amewaona, ameguna. Mguno wa kuridhika, naujua. Bi Sindano aliuliza samaki wanakula nini. Nikamwambia wanakula umeme. Akasema basi hao ni wa kuangaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Sielewi! Sielewi kabisa!

Tulianza saa mbili. Mashine ikashona dakika moja vizuri. Kisha ikaanza kusuasua. Mshono, kimya. Mshono, kimya. Kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Korongo alifika kifuani akakwama. Nikakimbilia kompyuta, nikashika kipanya ili niangalie tatizo, na ghafla mashine ikachanganya kasi! Nikaachia. Dakika moja, ikasuasua tena. Nikashika, nikatikisa. Ikaruka!

Mimi ni mtu wa vipimo. Nikapiga mistari kwenye daftari. Majaribio kumi na manne. Kipanya kimetikiswa: mashine inakimbia, mara saba kati ya saba. Kipanya hakijatikiswa: mashine inazimia, mara saba kati ya saba. Kumi na nne bila kasoro! Hata hospitalini hawapati majibu safi namna hii. Hitimisho, nimelipigia mstari mara mbili: kompyuta iliyobeba kompyuta huchoka, damu yake ya umeme hutuama, na kipanya ndicho kinachoizungusha.

Bi Sindano alisema yeye anaona mashine husimama samaki wakija, na huendelea samaki wakiondoka. Nikamwuliza kwa upole ana miaka mingapi ya sindano. Akasema ishirini na sita. Nikamwuliza ana dakika ngapi za kompyuta. Akasema hana hata moja. Nikamwachia mwenyewe apige hesabu. Akakaza uzi wake, akasema haya baba, wewe ndiye msomi.

Nikatikisa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nikabadili mkono. Nikatikisa nikinywa chai kwa mkono mwingine, nikatikisa nikiongea na Shangazi aliyeuliza kwa nini nasugua meza. Nikamwambia ni mtindo mpya wa kuendesha. Raundi kumi na nane! Beji mia moja na nane. Ukiongeza sita za jana, mia moja kumi na nne. Lakini saa kumi na moja bega likakataa katakata.

Nyumbani mke wangu alinikanda kwa dawa ya misuli. Aliuliza ofisini siku hizi tunabeba nini. Nikasema kipanya. Akaacha kukanda. Akasema kwa nini nisimwite mdogo wake atazame mara moja tu, dakika tano, si ndugu huyo? Nikamwambia afadhali mkono uanguke. Akasema basi na huo mwingine niukande mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi. Nimebuni! Safari hii nimebuni kweli!

Nimefika saa moja. Ofisi ina feni ya kusimama. Huzungusha kichwa kushoto na kulia, pole pole, siku nzima, bila bega. Nimefunga kamba ya uzi wa kutarizi kwenye shingo ya feni, nikaifunga kwenye kipanya, nikakizungushia mpira upande wa pili ukirudishe. Feni ikienda kushoto, kipanya kinaenda kushoto. Feni ikirudi, kipanya kinarudi. Mashine inakimbia! Sijagusa kitu! Nimesimama mikono mfukoni na kazi inakwenda!

Shemeji akapita kuleta simu ya Shangazi. Akaona feni. Akaona kamba. Akafuata kamba kwa macho hadi kwenye kipanya. Akauliza, shemeji, hii ni nini? Nikasema siri ya kazi. Alicheka hadi akakalia boksi la nyuzi, akafuta macho, akatazama tena, akaanza upya. Akasema nikiruhusu atazame mara moja tu. Nikamwambia wanaojua hawana muda wa kutazamwa. Akaondoka akishikilia mbavu. Wivu ni ugonjwa.

Saa sita Shangazi akahesabu. Mia mbili sitini na nne! Akaangalia feni kwa muda mrefu. Akauliza ni lazima iwe hivyo? Nikasema huo ni mfumo wa kupoza. Akasema yeye hajui mambo haya, anachojua korongo wanatoka, basi. Akatoa ufunguo wa ofisi mfukoni, akaniwekea mkononi. Ufunguo! Miaka ishirini na miwili!

Kikwazo kimebaki kimoja. Kila raundi ikiisha lazima mtu abonyeze Endelea, na mshale huwa unapita juu ya kitufe hicho ukienda na kurudi. Nimelipatia ufumbuzi kwa kipande kimoja cha utepe wa gundi: nimekibandika kitufe cha kipanya kikae kimebonyezwa. Programu yetu ya kale hukubali Endelea mshale ukipita tu juu yake na kitufe kikiwa kimebonyezwa, kwa hiyo sasa mashine itajiendesha yenyewe. Natoka kula, kisha napita kwa mchora mabango kuagiza kibao cha mlangoni. Nimemwagiza Bi Sindano abadilishe vitambaa tu na asiguse kompyuta kwa vyovyote. Hata paa likianguka. Nimemfanya arudie maneno hayo. Kayarudia.

Jioni. Mungu wangu.

Mungu wangu, Mungu wangu.

Nimerudi saa kumi kasoro dakika ishirini. Bi Sindano alikuwa ameketi na mikono kifuani. Mezani kulikuwa na beji mia moja kumi na nne mpya, zimepangwa vizuri. Nikaokota ya kwanza. Korongo ana shingo ndefu kidogo. Nikaokota ya ishirini. Shingo imefika ukingoni. Nikaokota ya sitini. Shingo imetoka kulia, imekata kona, imerudi kushoto! Ya mwisho ilikuwa shingo tupu. Imezunguka beji nzima kama bomba la maji, na kwenye kona ya chini, padogo sana, kuna jicho linanitazama.

Kipanya kilichobonyezwa kimemkamata korongo kichwa kwenye skrini, na feni imemburuta kushoto na kulia kwa saa tatu na dakika kumi.

Nilimwuliza Bi Sindano kwa nini, jamani, kwa nini hakuzima? Akasema paa halijaanguka bado.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wangu wa asubuhi: mia mbili sitini na nne nzuri ziwekwe juu na chini ya boksi, zenye shingo zikae katikati, na mwalimu mkuu aambiwe zilizobaki ziko njiani. Watu hutazama juu. Wachache hutazama chini. Katikati hakuna atazamaye.

Mwalimu mkuu akafika saa nne kamili. Mwanamke mrefu, miwani kwenye mnyororo. Akasema asante, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa moja. Katikati! Katikati kabisa! Miaka thelathini ya kusahihisha madaftari, kumbe wanafunzi wote huficha mahali pamoja.

Alivaa miwani. Akaigeuza beji. Akauliza huyu ni mnyama gani. Nikasema ni korongo, anatazama mbele, kwenye maisha yajayo. Akasema kwa shingo hiyo anatazama na ya watu wengine. Akaniambia Jumatatu asubuhi watoto mia sita wanapanga mstari na beji mpya, mbele ya wazazi, na kama mmoja wao atavaa utumbo huu, atakuja nao hapa wote mia sita, waniimbie.

Shangazi alifunga boksi taratibu. Hilo ndilo lililonitisha. Alitoka nje, akasimama kizingitini, akampigia Shemeji mluzi. Shangazi! Mluzi!

Shemeji akaja akijifuta mikono. Nilidhani ataanza kubonyeza. Hakubonyeza. Alifungua kamba ya feni, akabandua utepe, akawasha mashine, akavuta kiti, akakaa. Nikasema mbona hufanyi kitu. Akasema, shemeji, tulia, ndiyo nafanya. Dakika moja. Samaki wakaja, wa manjano na wa zambarau. Mashine ikaanza kusuasua. Akafungua kidirisha cha vipimo kando, akatuita wote. Tisini na sita kwa mia! Nguvu zote za mpangaji zinakwenda kwa samaki! Akaeleza kwamba kompyuta halisi ina kifaa chake cha kuchorea picha, lakini hii ya ndani haina, kwa hiyo kila pezi na kila povu inalichora yenyewe kwa akili, na sindano zetu zinapewa makombo. Ukitikisa kipanya, samaki wanakimbia, kazi inaendelea. Ndiyo hayo tu. Akawafuta samaki kwa kubonyeza mara tatu.

Mashine ikashona. Hakuna aliyegusa kitu. Raundi ya kwanza ikaisha, Bi Sindano akabonyeza Endelea kwa kidole kimoja, ya pili ikaanza. Nikaanza kukunja kamba ya feni.

Mwalimu mkuu akauliza ni nani aliyeweka samaki. Nikatazama feni. Shangazi akauliza kama hapa ndani kuna aliyeyaona mambo haya mapema. Bi Sindano alikuwa anatazama dari. Akasema yeye hana hata dakika moja ya kompyuta, lakini samaki aliwataja tangu Alhamisi, akaambiwa apige hesabu.

Nilijua ufunguo utakwenda kwa Shemeji. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpa kwa heshima, na sura ya mtu anayemwonea huruma. Shangazi akanyoosha mkono, nikautoa. Akageuka. Akampa Bi Sindano! Bi Sindano! Hata Shemeji alishtuka, akapiga makofi. Shangazi akasema ofisi inataka mtu mwenye macho, na fundi wa simu atabaki na simu zake, akiitwa atakuja. Bi Sindano aliufunga ufunguo kwenye ncha ya kanga, akarudi kwenye mashine kana kwamba amepewa kipande cha sabuni.

Mwalimu mkuu ameondoka na mia mbili sitini na nne. Zilizobaki zimemalizika saa mbili kasoro dakika kumi usiku, zote na shingo za kawaida. Mimi nimepelekwa chumba cha nyuma. Nimepewa mkasi mdogo na beji mia moja kumi na nne, nifumue shingo ili vitambaa vitumike tena. Shingo moja ina mishono elfu mbili. Nimehesabu.

Jumapili, 9 Machi

Nimepumzika, nimetafakari. Vidole vinauma.

Mke wangu amecheka tangu jana jioni. Anacheka, anaacha, anapika, anakumbuka, anacheka. Nilimwambia hili si jambo la kuchekesha ndani ya ndoa. Akasema haki, anajitahidi. Akaenda kuendelea chumbani.

Lakini nimerudi kwenye daftari langu na vipimo havidanganyi. Kumi na nne kwa kumi na nne! Samaki ni sadfa. Ukweli ni kwamba mimi niliitikisa kompyuta siku nzima Alhamisi na feni ikaitikisa siku nzima Ijumaa. Ilikuwa imeshapata joto. Shemeji amekuja Jumamosi akakuta imeiva, akaketi, akasifiwa. Mtu yeyote angeketi. Nimemweleza mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, nikafurahi, kisha nikaona amelala.

Jumatatu, 10 Machi

Shingo ishirini na mbili zimefumuliwa. Tumesikia gwaride la shule limekwenda vizuri, korongo wamependeza. Shangazi amewapa wote soda. Yangu imeletwa nyuma.

Bi Sindano ni msimamizi mwenye adabu, hilo nakiri. Alikuja kuuliza hali yangu. Akaniita baba, akasema nikichoka nipumzike. Huo ndio unaoniumiza, upole. Nimemwomba dakika kumi na tano tu kwenye kompyuta, nikachukue mafaili yangu. Akaangalia saa, akasema dakika kumi na tano, na samaki hapana. Nikaapa.

Na sikuweka samaki. Nilichokifanya ni kikubwa zaidi. Kama kompyuta ya kwanza imebeba ya pili, ni nani aliyesema ya pili haiwezi kubeba ya tatu? Hata Shemeji hajafika huko! Hiyo ya tatu itakuwa yangu peke yangu. Nitaisimamia ofisi yote nikiwa ndani ndani, hakuna atakayeniona, na Shangazi atashangaa mwenyewe kwa nini mambo yananyooka. Nilipojaribu, mpangaji akaniambia uwezo wa kubeba umezimwa na kwake pia. Sikubishana. Nimeutafuta, nimeuwasha. Mstari mmoja, nikakumbuka. Halafu miwili iliyokuwa karibu yake, maana ilionekana ya familia moja.

Jumanne, 11 Machi

Saa mbili na nusu. Ya tatu inajisimika. Jana niliiacha ikiwa asilimia nne, leo Bi Sindano amewasha mashine bila kujua kuna mgeni ndani. Nimeipa kumbukumbu tatu kati ya nne. Haitakiwi kubanwa siku yake ya kwanza.

Saa tatu. Mashine inasuasua. Uzi mbovu.

Saa tatu na robo. Sindano zote sita zimenyamaza. Nimemsikia Shangazi akiuliza kuna nini, na kiti kikisukumwa nyuma. Bi Sindano amekuja mlangoni, ufunguo mkononi, akaniuliza kwa sauti ileile ya upole kama nimegusa kompyuta yake. Nimemtazama machoni, nikamwambia sijaigusa.

Na sikusema uongo. Niliyoigusa imo ndani ya iliyomo ndani yake.